Uniti 75 za umeme ni za kaya, si za mita

Kwa Waziri wa Nishati, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), Menejimenti ya TANESCO (shirika la umeme), pamoja na madiwani na wenyeviti wa mitaa wa Mkoa wa Dar es Salaam

YAH: KUHESABU KAYA NDANI YA NYUMBA YENYE LUKU MOJA

Waheshimiwa, husikeni na somo tajwa hapo juu.

Tangazo la dalali wa vyumba hapa Dar lina maneno yake yasiyokosekana: choo ndani, maji yanatoka, barabarani dakika tano, na "LUKU inajitegemea", yaani mita ya umeme ya kulipia kabla isiyochangiwa na vyumba vingine. Hilo la mwisho linapandisha kodi. Chumba cha ukubwa uleule, mtaa uleule, kikiwa na LUKU yake hakikai wiki bila mtu. Cha kuchangia dalali anakinadi mara mbili tatu. Dalali anajua jambo ambalo jedwali la bei za umeme halilijui, kwamba kuchangia mita ni gharama. Barua hii inaitaja gharama hiyo kwa shilingi, inaonyesha inakozaliwa, na inapendekeza namna ya kuiondoa bila kusimamisha nguzo hata moja.

Tuanze na bei, zile zilizoanza Aprili 2016. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, kundi la D1, ananunua uniti 75 za mwanzo za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Kuanzia uniti ya 76 bei ni shilingi 350. Mita iliyozoea kuvuka 75 inahamishiwa T1, ambako kila uniti ni shilingi 292, ya kwanza kama ya mwisho. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo mtu wa D1 analipa shilingi 122 kwa uniti, na ndiyo maana 9,150 imekuwa namba ya kukaririwa: ni uniti 75 kamili. Mtu wa T1 analipa shilingi 356 na senti 24, na ndiyo maana elfu kumi yake inarudi na uniti 28. Karibu mara tatu.

D1 iliwekwa kumlinda mwenye kipato kidogo, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba mfumo haumuoni mtu, unaiona mita. Na katika mji huu, ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 5,383,728, wengi wa wenye matumizi madogo kabisa hawana mita. Wana chumba.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, iwe ya Manzese, Buguruni au Tandika. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ni uani na choo na bafu. Kaya sita, LUKU moja. Sasa hesabuni vitu vya mle ndani kwa wati zake, mkikumbuka kwamba uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano inakula uniti 0.045. Feni ya wati 55 ikizunguka usiku saa nane, 0.44. Televisheni ya inchi 32, wati 50 kwa saa tano, 0.25. Friji ndogo ni kama uniti moja kwa siku, kwa sababu compressa haifanyi kazi muda wote. Hita ya kutumbukiza ndooni, kupasha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40, inahitaji uniti 0.35 hivi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, 0.5 ikiwa moto haukatiki. Kwa kuwa inajikata na kuwaka, ni pungufu ya hapo.

Kwa vifaa hivyo, mwenye chumba cha balbu, feni, televisheni na simu anatumia uniti 24 kwa mwezi. Mwenye feni na pasi, 22. Mwenye friji, 54. Mwenye hita ya maji ya kuoga kila asubuhi, 36. Wawili waliobaki tuwape 24 na 20. Jumla ya nyumba ni uniti 180. Angalieni vizuri: hakuna kaya hata moja iliyofika 75. Hata mwenye friji, anayenuniwa na korido nzima, bado ni mtumiaji mdogo kwa kipimo chenu wenyewe.

Lakini mita imeona 180, basi ni T1. Uniti 180 kwa 356.24 ni shilingi 64,123. Kila kaya ingekuwa na mita yake ya D1, uniti zilezile 180 zingegharimu shilingi 21,960 kwa nyumba nzima. Tofauti ni shilingi 42,163 kila mwezi, shilingi 505,956 kwa mwaka, na inatoka kwa kaya sita zinazolala chumba kimoja kimoja. Wakigawana sawa kwa sawa, kama inavyofanyika nyumba nyingi, kila mmoja anatoa 10,687. Yule wa uniti 20, ambaye kwa mita yake angelipa 2,440, analipa zaidi ya mara nne. Kijana mwenye ajira na laptop, aliyepanga masta (chumba chenye choo ndani) yenye LUKU inayojitegemea na kutumia uniti 60, anamaliza mwezi kwa 7,320. Sisi tunaoandika barua hii wengi wetu tumo upande huo wa pili, na haipendezi kubebwa na punguzo lililowekwa kwa ajili ya jirani.

Mnaweza kusema hayo ni mambo ya wapangaji wenyewe, wagawane wanavyojua. Basi tazameni wanavyogawana. Ukutani koridoni, juu ya rimoti ya LUKU (kifaa cha kuingizia namba za umeme) iliyochomekwa kwenye soketi, kuna karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa selotepu. Imeandikwa vyumba moja hadi sita, na mbele ya kila chumba kiasi kilichotolewa: 5,000, 5,000, 10,000, 2,000, alama ya kuuliza, na "kasafiri". Aliyesafiri ameacha friji inanguruma. Alama ya kuuliza ni yule anayedai hana televisheni. Namba ya LUKU yenye tarakimu 20 imeingia kwa ujumbe kwenye simu ya aliyenunua, na aliyenunua yuko kazini, simu imezima. Nyumba ina umeme uliokwisha kulipiwa, na iko gizani. Nyumba nyingine rimoti iko chumbani kwa mpangaji mmoja, na akifunga mlango akaenda msibani Morogoro, uniti zikiisha ndiyo basi hadi arudi.

Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, mita zote zilipotakiwa kuboreshwa, nyumba za kuchangia ndizo zilizosumbuka zaidi. Mnunuzi alipata mafungu matatu ya namba: mawili ya kuiboresha mita na la tatu lenye uniti, yaingizwe kwa mpangilio huo. Penye wanunuzi sita wenye simu sita, aliyepata mafungu matatu aliingiza la tatu tu, likakataa, akafuta ujumbe kwa hasira. Aliyenunua baada yake akaingiza yake, nayo ikakataa. Namba hazikuwa na kosa. Mpangilio ulivunjika kwa kuwa mita moja ilikuwa na wateja sita wasioambizana.

Kuna kodi ya majengo pia. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, hilo halina mjadala. Inavyokatwa, inamwangukia anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Akinunua wa 5,000, badala ya uniti 14 anapata 9.8, kwa sababu 1,500 imeshaondoka. Matokeo yake ni mchezo wa kuviziana. Kuanzia tarehe 29 kila mtu anaminya, taa zinazimwa mapema, feni haiwashwi, ili tarehe moja mwingine atangulie. Watu wazima, wenye watoto, wanaviziana kwa shilingi 1,500 ya mtu ambaye haishi mle. Mmeambiwa mara nyingi kwamba mpangaji amkate mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Mpangaji aliyelipa pango la miezi sita mbele amkate nani, kwenye kodi ipi?

Mwenye nyumba anapochoka na kelele za koridoni, anaweka bei yake: kila chumba elfu kumi, mwenye friji ishirini, yeye ndiye atanunua. Inaonekana amani. Lakini hapo tayari amekuwa muuzaji wa umeme, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, bila risiti. Nyumba ikitumia uniti 180 na akakusanya 70,000, chenji ni yake. Zikitumika 230 anapata hasara, na hapo ndipo sheria za nyumba zinapozaliwa: pasi Jumapili tu, hita marufuku, jiko la umeme marufuku.

Hilo la jiko tulitazame kwa karibu, kwa sababu linagongana na sera yenu wenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Umeme upo: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Sufuria la presha la umeme la wati 1,000 linaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, maana likishapanda presha linajikata. Kwa bei ya D1 hiyo ni chini ya shilingi 122, na hakuna mkaa wa Dar utakaoshindana nayo. Kwa mpangaji wa korido hesabu ni nyingine. Kwanza uniti yake ni 356. Pili wenzake watano wanamchangia maharage yake, na wanajua. Tatu, nyumba nyingi za aina hii zina soketi zote kwenye breka moja ya ampea 20 na waya wa milimita 2.5. Kaya sita zikiwasha sufuria za wati 1,000 saa moja jioni, ni wati 6,000 kwa volti 230, yaani ampea 26. Breka inakata. Anaitwa kishoka, fundi asiye na leseni, anatoa breka ya 20 na kuweka ya 40, waya uleule, na kazi yake inaonekana imekwisha. Kilichokwisha ni ulinzi. Waya wa 2.5 unapita juu ya dari ya mbao ukiwa umebeba mzigo usio wake, na breka ya 40 haitaukata mapema. Marufuku ya jiko ya mwenye nyumba, kwa hali hiyo, inasaidia kuzuia moto. Hatuwezi kumlaumu sana.

Njia wanayojaribu wenyewe wapangaji ni mita ndogo za vyumba, sabumita kwa lugha ya mafundi. Ni suluhisho la nusu: inasema nani katumia kiasi gani, haishushi bei. Bado inapunguza ugomvi, na inafaa kufanywa sawasawa, kwa hiyo tueleze inavyoharibika.

Kosa la kwanza ni mpangilio wa vituo, yaani matundu ya kufungia waya. Zipo mita ambazo vituo vyake vinne vinakwenda laivu (waya unaoleta umeme), nyutro (waya wa kuurudisha), nyutro, laivu. Zipo nyingine ambazo ni laivu ndani, laivu nje, nyutro ndani, nyutro nje. Fundi aliyezoea moja akiifunga nyingine kwa mazoea anakutanisha laivu na nyutro, na mlio wake unasikika hadi nyumba ya tatu. Mchoro uko nyuma ya kifuniko cha vituo. Usomwe kila mara, hata kwa mita zilizotoka boksi moja. Kosa la pili halipigi kelele. Nyumba za zamani nyutro za vyumba zimeunganishwa kwa pamoja darini. Mita zinazopima waya zote mbili na kuchukua iliyo kubwa zitamwandikia chumba cha kwanza matumizi ya chumba cha pili, iwapo nyutro ya pili inarudi kupitia mita ya kwanza. Hapo sabumita inageuka shahidi wa uongo. Dawa ni kila chumba kitolewe laivu yake na nyutro yake kutoka kwenye bodi, breka yake, ndipo mita. Taa za korido, baraza na choo zipewe saketi yao, zisidonolewe kutoka chumba cha mtu.

Kuijaribu haichukui nusu saa. Zimeni kila kitu nyumba nzima. Taa nyekundu za mita zote sita ziwe zimetulia. Washeni birika la wati 2,000 chumba kimoja. Taa ya mita iliyoandikwa 1600 kwa uniti itawaka na kuzima mara 53 hivi kwa dakika, na za zile tano lazima zisiwake hata mara moja. Ikiwaka ya jirani, nyutro zimechanganyika. Msijaribu kwa pasi, kwa kuwa inajikata katikati na kuwapotezea hesabu. Kisha hamieni chumba kinachofuata.

Usomaji ufanyike jioni moja, muda uleule, vyumba vyote pamoja na LUKU. Jumla ya vyumba haitalingana na LUKU, na hapo ndipo watu huanza kushutumiana. Balbu tatu za wati 9 za korido, baraza na uani zikiwaka saa kumi kila usiku ni uniti 8 kwa mwezi. Tofauti ya uniti 8 au 10 kwa nyumba ya uniti 180 ni ya kawaida, igawanywe kwa sita. Ikifika 30, kuna anayeruka mita au kuna kiungo kinachopata moto darini, na vyote viwili ni vya kumwita fundi mwenye leseni siku hiyohiyo.

Sasa maombi yetu. Ni manne, lakini moja ndilo lenye uzito. Hayo mengine tutayapitia kwa haraka.

Tunaomba uniti 75 za bei nafuu zihesabiwe kwa kaya. Mita yenye kaya sita iwe na kikomo cha uniti 450 kwa mwezi kabla ya kuhamishwa kundi. Hakuna waya unaoongezwa, hakuna mita inayobadilishwa. Namba ya LUKU inatengenezwa na mfumo wenu pale mteja anaponunua. Ni mfumo huohuo unaojua leo kwamba mita fulani ni D1 na nyingine ni T1, na unaojua kukata 1,500 mara moja tu kwa mwezi. Uongezewe kitu kimoja kwenye kumbukumbu ya mita: idadi ya kaya.

Idadi hiyo ithibitishwe wapi? Serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ndiye anayetoa barua za utambulisho, na nyumba zimeshapewa namba kwenye mfumo wa anwani za makazi tangu operesheni ya 2022. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: anwani ya nyumba, namba ya mita ya tarakimu 11, na kwa kila chumba jina la mkuu wa kaya na namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Namba moja ya NIDA ihesabiwe kwenye mita moja tu nchi nzima. Hapo mwenye nyumba anayetaka kuandika ndugu zake wa kijijini atakwama, kwa sababu wao nao wana mita zao au watazitaka kesho. Usajili ufe wenyewe kila baada ya miezi sita usipohuishwa. Ndiyo mzunguko wa kodi za pango, kwa hiyo kila mkataba unapoanza upya na fomu inaanza upya. Fremu za mbele, iwe saluni au duka, zisihesabiwe kama kaya, na zitakiwe kuwa na mita yake. Saluni ya kiume yenye mashine, feni na televisheni ya mpira inakula uniti kuliko vyumba viwili vya nyuma, na haifai kunyolea vichwa kwa uniti za shilingi 100.

Tunajua mtakalosema: mapato. Ndiyo, kwa nyumba ya mfano wetu TANESCO itakosa sehemu ya ile 42,163 kwa mwezi, na baadhi ya tozo za REA na VAT zitapungua nayo. Hatutaki kulificha hilo. Lakini fedha hiyo haikupaswa kukusanywa kwa kaya hizo. Imekusanywa kwa sababu ya ukuta kati ya vyumba na umoja wa mita. Na sehemu yake itarudi kwa mlango mwingine. Mpangaji aliyekuwa anaminya feni kwa uniti ya 356 atawasha kwa 122, na sufuria la presha litaingia chumbani. Iwapo itarudi yote au nusu, hilo linapimika, na tumependekeza chini namna ya kulipima.

Ombi la pili: mita ya ziada ndani ya nyumba iliyokwisha kuunganishwa isitozwe kama nyumba mpya. Kwa bei za Januari 2022, kuunganishwa mjini kwa umeme wa njia moja (single phase) ndani ya mita 30 bila nguzo ni shilingi 320,960. Kuongeza mita tano ni shilingi 1,604,800. Akiba ya 505,956 kwa mwaka ingeirudisha kwa miaka mitatu na kidogo, lakini anayeweka akiba ni mpangaji wa miezi sita, na anayetakiwa kulipa ni mwenye nyumba asiyenunua umeme. Hakuna atakayeanza. Mita tano ukutani pale ilipo ya kwanza hazina nguzo wala waya mrefu. Zitozwe bei ya kifaa na kazi, zilipwe kidogo kidogo kupitia manunuzi. Penye kaya sita na mpango wa kupikia umeme, iingizwe njia tatu (three phase), vyumba viwili kwa kila njia, vinginevyo waya wa kuingilia utazidiwa kabla ya breka.

Tatu, kodi ya majengo ifuate anwani ya jengo, isifuate mita. Mkigawa mita sita bila kurekebisha hili, nyumba moja itakatwa mara sita, na mwenye nyumba atakuwa na sababu nzuri ya kukataa mita mpya. Na ile 1,500, kama lazima ipitie LUKU, igawanywe kwenye manunuzi yote ya mwezi badala ya kumrukia wa kwanza.

Nne, Wakala wa Vipimo uhakiki sabumita kama unavyohakiki mizani ya sokoni, na EWURA itamke wazi kwamba anayemuuzia mpangaji umeme hazidishi bei aliyonunulia. Karatasi yenye bei ibandikwe koridoni, pembeni ya ile ya selotepu.

Kama hamtaki kuanza na mkoa mzima, chagueni mtaa mmoja wenye nyumba za korido. Mwezi wa kwanza mwenyekiti na wajumbe wake wapite na fomu, nyumba kwa nyumba, jioni, watu wakiwa wamerudi kazini. Miezi mitatu inayofuata bei ya kaya itumike. Msipime mapato peke yake. Pimeni uniti zilizouzwa kwa kila mita kabla na baada, kesi za umeme zilizofika ofisi ya mtaa, vyumba vilivyonunua jiko la umeme, na breka zilizobadilishwa. Hesabuni pia fomu zilizokutwa na majina hewa. Zikizidi, tutakuja wenyewe kusema pendekezo letu lina tundu na tutasaidia kuliziba. Mhasibu, fundi mwenye leseni na mtu wa programu tunao, na hatuhitaji posho ya kikao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wapangaji, Dar es Salaam

Nakala: Mama na baba wenye nyumba wote, ibandikwe koridoni.